UZI 🧵: Muuguzi wa Nakuru na safari ya majuu. Nani hufungua mlango, nani hulipa?

1/ Siasa zikianza kupamba moto hapa Nakuru, hoja hii haikosi, iwe ni mkutano pale Afraha au kipindi cha asubuhi redioni. Mmoja anasema: "Tutawapeleka wauguzi wetu majuu walete dola." Mwingine anajibu: "Mnauza wauguzi na wodi ziko tupu." Wote wanapigiwa makofi. Mimi ni muuguzi, nimefanya kazi huku Bonde la Ufa miaka ya kutosha, na sisikii mtu akieleza hii kitu ilitoka wapi. Wacha nijaribu. Uzi ni mrefu, vuta kiti.

2/ Kwanza tuelewane. Kwenda kufanya uuguzi nje kuna hatua mbili kubwa. Ya kwanza, nchi ile ikubali kwamba masomo yako yanatosha, ikupe mtihani wake, kisha leseni. Ya pili ndiyo visa na tiketi. Jukwaani utasikia hii ya pili tu. Lakini watu wengi hukwama kwa ile ya kwanza, na mizizi yake ni ya zamani kuliko Kenya yenyewe.

3/ Uingereza ilianzisha rejista ya wauguzi mwaka 1919. Mwaka 1943 ikaongeza orodha ya pili, ya daraja la chini. Huku koloni tukaletewa sheria ya wauguzi na wakunga ya 1949, na mfumo uleule wa ngazi mbili ukakita mizizi: muuguzi wa cheti chini, muuguzi wa diploma juu. Ukilazwa PGH (rasmi jina lilishabadilika, lakini nani haiti PGH?) au ukizalia kwenye kituo cha afya kule Molo au Njoro, kwa miaka mingi aliyekushika mkono alikuwa wa cheti.

4/ Sasa hapo ndipo kisiki. Rejista za nje hazikutambua cheti kile kama uuguzi kamili. Uwe umezalisha akina mama miaka 20, wao waliangalia jina la kozi na saa za masomo. Kwa hivyo kabla ubalozi wowote haujakukataa, mfumo wetu wenyewe ulikuwa umeshakupanga mstari wa nyuma.

5/ Mwaka 2005 Baraza la Wauguzi na Amref wakaanzisha masomo kwa kompyuta ili wauguzi wa cheti wapande hadi diploma bila kuacha kazi. Waliolengwa walikuwa 22,000. Lengo lilikuwa huduma bora nyumbani. Lakini nakumbuka watu wakitoka zamu ya usiku wanaingia moja kwa moja kwenye moduli, macho mekundu. Diploma ile iliwapa pia kitu kingine: karatasi ambayo dunia ingekubali kuisoma.

6/ Na ukisikia mtu akisema uuguzi wa Kenya ni wa kubabaisha, mwambie hivi: kuanzia 1981 hadi 1985 rais wa Baraza la Kimataifa la Wauguzi alikuwa Mkenya, Eunice Muringo Kiereini. Mwafrika wa kwanza kukalia kiti hicho. Uwezo haujawahi kuwa swali.

7/ Basi kwa nini watu walianza kuondoka kwa wingi? Rudi miaka ya 1990. Kabla ya hapo, ukimaliza chuo cha serikali cha utabibu ulikuwa unasubiri barua ya kutumwa kazini. Halafu yakaja masharti ya wakopeshaji, serikali ikaambiwa ipunguze mishahara, ajira zikafungwa. Kufikia mwanzo wa miaka ya 2000 tulikuwa na kioja: nafasi tupu hospitalini, na maelfu ya wauguzi waliofuzu wakikaa nyumbani. Kwa wakati mmoja!

8/ Huko nje nako mlango ulikuwa na historia yake. Marekani waliunda tume ya CGFNS mwaka 1977 kwa sababu wageni wengi walikuwa wanafika, wanaanguka mtihani wa leseni, wanaishia kazi za chini. Tangu hapo vyeti vyako vinachambuliwa kabla hujapanda ndege. Mwaka 1996 sheria ikaongeza kwamba visa ya kazi haitoki bila uthibitisho huo.

9/ Mtihani wenyewe ni NCLEX. Hadi mwisho wa 2004 ulifanyika kwenye ardhi ya Marekani na maeneo yake tu. Yaani utafute visa ya kwenda kufanya mtihani wa kukuwezesha kutafuta visa. Januari 2005 wakafungua vituo vya kwanza ng'ambo: London, Hong Kong na Seoul. Afrika hatukuwemo. Baadaye wauguzi wetu wengi waliufanyia Johannesburg.

10/ Uingereza wao hufungua na kufunga kama duka. Mwanzo wa miaka ya 2000 waliajiri kwa kasi. Mwaka 2005 wakaweka kozi ya lazima kwa wauguzi wa nje, 2006 wakawaondoa wauguzi wa kawaida kwenye orodha ya kazi zenye upungufu. Wakajikuta tena na uhaba. Mwaka 2014 wakaja na utaratibu mpya: CBT, mtihani wa kompyuta unaofanyia huku, na OSCE, mtihani wa vitendo unaofanyia kwao. 2015 wauguzi wakarudishwa kwenye ile orodha.

11/ Ona mtiririko huo vizuri. Hakuna wakati mlango ulifunguka kwa sababu Kenya imeomba vizuri. Ulifunguka wao walipohitaji, ukafungwa waliposhiba. Mwanasiasa anayekuahidi nafasi za nje anakuahidi kitu ambacho ufunguo wake hana.

12/ Nyumbani nako. Katiba ya 2010 ikapeleka afya kwa kaunti, kazi ikaanza 2013. Mwaka 2017 wauguzi tukagoma nchi nzima kuanzia Juni hadi Novemba, siku 150 hivi, tukidai mkataba wa pamoja. Miezi mitano bila mshahara. Wagonjwa waliumia na sisi tuliumia, tusidanganyane. Chini ya mti tulipokuwa tukikaa kila asubuhi, vitabu vya NCLEX vilianza kupita mkono kwa mkono. Kati ya wale tuliokaa pamoja, sita najua wako majuu leo.

13/ Julai 2021 Kenya na Uingereza zikatia saini makubaliano ya wauguzi na wahudumu wa afya. Shangwe. Miezi michache baadaye serikali ikatangaza kwamba kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza, 10 pekee ndio waliopita. Mitandao ikatucheka hadi ikachoka. "Ati hata Kiingereza hawajui!"

14/ Hebu tuseme ukweli. Mtu amesoma kwa Kiingereza tangu shule ya msingi, ameandika ripoti za wagonjwa kwa Kiingereza kila zamu. IELTS ya wauguzi wa Uingereza inataka alama 7 kusikiliza, kusoma na kuongea, na 6.5 kuandika. Hapo awali kuandika pia ilikuwa 7, wakaishusha baada ya kuona hata wauguzi wazuri wanaanguka hapo. Insha ya IELTS ina mbinu zake, na mbinu hufundishwa. Ukimtupa mtu kwenye mtihani bila maandalizi, usishangae. Februari 2023 Uingereza yenyewe ililegeza, mwajiri akaruhusiwa kutoa ushahidi wa Kiingereza chako katika hali fulani.

15/ Novemba 2021, kwa ombi la Kenya, Uingereza ikazuia waajiri wake kuja kutafuta wauguzi hapa nje ya yale makubaliano. Kundi la kwanza chini ya makubaliano lilisafiri 2022, kwenda hospitali za Oxford. Walikuwa 19. Linganisha hiyo 19 na nambari ulizosikia jukwaani.

16/ Nani hulipa? Kwa wengi wanaojitafutia wenyewe, ni familia. NCLEX ni dola 200 kujiandikisha, na dola 150 zaidi ukifanyia nje ya Marekani. CBT pauni 83, OSCE pauni 794. Ongeza IELTS, barua za Baraza, cheti cha tabia njema, pasipoti, kipimo cha TB, nauli. Mwajiri mzuri hurudisha sehemu. Huku kwetu nimeona shamba la viazi Mau Narok likikodishwa misimu mitatu na ng'ombe wa maziwa Bahati akiuzwa ili mtoto afanye mitihani. Hiyo ndiyo bajeti ambayo haisomwi bungeni.

17/ Na palipo na hamu pana mawakala. Mwaka 2023 wazazi waliandamana Eldoret wakidai pesa walizolipa kwa mpango wa kaunti wa kupeleka watoto kusoma Finland na Kanada. Kama mpango wenye nembo ya serikali ulifika hapo, mtu mwenye ofisi ya chumba kimoja na bango la ndege je?

18/ Mlango mpya ni Ujerumani. Makubaliano yalitiwa saini Berlin Septemba 2024. Lakini muuguzi aliyefuzu anahitaji Kijerumani cha kiwango cha B2, kisha masomo yake yalinganishwe na ya kwao, na pengo lolote lizibwe kwa mtihani au mafunzo. Huo ni mwaka au zaidi wa kusoma lugha. Wakati huohuo, Julai 2025 Uingereza ilifunga visa mpya za watunza wazee kutoka ng'ambo, njia ambayo wauguzi kadhaa wetu walikuwa wakiitumia. Na Marekani mtu anaweza kupita NCLEX na bado akakaa foleni ya visa miaka.

19/ Sasa turudi kwa ule mjadala. Upande wa "walete dola" wana hoja: mwaka 2024 Wakenya walioko nje walituma karibu dola bilioni 4.9. Upande wa "mnatuuza" pia wana hoja: utafiti wa 2006 ulikadiria kwamba kumsomesha muuguzi mmoja wa Kenya kuanzia shule ya msingi ni zaidi ya dola 43,000, na akiondoka hasara ni mara kadhaa ya hiyo.

20/ Lakini wote wanaruka jambo moja. Wanasema: "Wauguzi wasio na kazi ni wengi, waende." Waajiri wengi wa nje wanataka uzoefu. Kwa hivyo anayeondoka mara nyingi si yule kijana anayetembeza bahasha Nakuru mjini. Ni yule wa ICU, wa dialisisi, wa chumba cha upasuaji, wa miaka minane kazini. Kijana anabaki na bahasha yake, na kiti cha aliyeondoka kinabaki kitupu kwa sababu kaunti haijaajiri. Tunapoteza mara mbili.

21/ Kwa hivyo akija kukuomba kura na ahadi ya majuu, muulize haya manne:
– Muuguzi akiondoka, nafasi yake itajazwa kwa siku ngapi, na kwa ajira ya kudumu au ya mkataba?
– Ada za mitihani na lugha zitalipwa na nani?
– Nchi ile ikifunga mlango mwaka ujao, waliokwisha kulipa watarudishiwa?
– Wangapi wamesafiri tayari? Nambari ya waliosafiri, si ya walioahidiwa.

22/ Sijasema mtu asiende. Wengine ni marafiki zangu, nimewasaidia kujaza fomu, na ningewasaidia tena. Nasema tu tusiuziwe kama hisani ya mtu kitu ambacho muuguzi alikisomea usiku na familia ikakilipia. Kama una ndugu anajiandaa, mtumie huu uzi. Maswali weka hapo chini, nikitoka zamu nitajibu.