Albamu ya Kulipa Deni

Oktoba 1980, maduka ya santuri ya Uingereza yalipokea albamu yenye jalada jeupe, kana kwamba mchoraji hakufika kazini. Juu yake kulikuwa na maandishi ya mkono: mchekeshaji Eric Idle anauliza kama mwenzake Terry Gilliam anaweza kuchora jalada la kuvutia wanunuzi, naye Gilliam anajibu kwamba hakuna haja. Jina nalo halikuficha kitu: Monty Python's Contractual Obligation Album, yaani albamu ya kutimiza mkataba.

Monty Python, wachekeshaji sita waliojipatia jina kupitia BBC kuanzia 1969, walikuwa wakidaiwa albamu moja na Charisma Records, kampuni ya Tony Stratton-Smith. Akili zao zilishahamia kwenye sinema. Mwaka uliotangulia filamu yao Life of Brian ilikuwa imewaudhi viongozi wengi wa dini. Lakini dawa ya deni ni kulipa. Idle, mmoja wa sita hao, akashika usukani, na safari hii nyimbo zikachukua nafasi kubwa.

Baadhi ya michezo ya kuchekesha ilitolewa kabatini. Ule wa duka la vitabu uliwahi kuoneshwa kwenye televisheni mwaka 1967, kundi lenyewe likiwa bado halijaundwa, John Cleese, mmoja wa sita hao, akiwa muuzaji na Marty Feldman mteja. Kwenye albamu mteja ni mwenzake Graham Chapman. Anaulizia vitabu maarufu, ila kila anachokitaja kina kasoro ndogo ya tahajia au ya mwandishi. Muuzaji anapandwa na hasira, mwishowe anakipata kitabu kinachotakiwa. Mteja hana pesa. Muuzaji analipa mwenyewe. Kumbe mteja hajui hata kusoma! Basi muuzaji anaanza kumsomea. Ni sauti mbili tu, bila picha, na duka zima unaliona. Anayeiita kazi hii ya kujazia nafasi hajaisikiliza vizuri.

Mzaha mmoja uliwaponza. Kipande kilichomlenga mwanamuziki John Denver kiliingia kwenye mgogoro wa kisheria kikaondolewa katika matoleo yaliyofuata. Hata hivyo albamu ilipanda hadi nafasi ya 13 kwenye chati za Uingereza. Na Toad the Wet Sprocket, jina linalosikika kwenye albamu hii ambalo Idle alilitunga kwa bendi ya kubuni kabisa, lilichukuliwa miaka michache baadaye na vijana wa California waliounda bendi ya kweli.

Filamu ziliendelea, lakini kundi hilo halikurekodi tena albamu kamili ya studio ya namna hii. Kwangu mimi, deni lililipwa kwa fedha halali.