Mchongoano wa Maprograma: Mbona JavaScript, PHP na Java Huchekwa Kila Siku?

Kama umewahi kukaa na wasee wa kuandika programu hata dakika tano, unajua hii: mmoja anataja PHP, wengine wote wanaangua kicheko. Wewe unabaki umetoa macho tu. Usijali. Huo ni mchongoano kama ule wa mtaani, tofauti ni kwamba hapa hawachongoi mathe ya mtu, wanachongoa lugha za kompyuta. Na kama kawaida, mchongoano unaouma ni ule uko na ukweli ndani. Cheki rada hapa, lugha moja baada ya nyingine.

JavaScript: hesabu za miujiza
Brendan Eich aliiunda kwa siku 10 pekee, Mei 1995, akiwa Netscape. Wasee hawajawahi kumsamehe hiyo haraka. Ukiandika 5 ndani ya alama za kunukuu halafu ujumlishe 1, inakupa 51. Ukitoa 1 kwa hiyo hiyo 5, inakupa 4! Sababu ni hii: alama ya kujumlisha pia huunganisha maandishi, lakini ya kutoa inajua namba tu, so inalazimisha yale maandishi yawe namba.

Na usiwahi kusema JavaScript ni mtoto wa Java. Ilipewa hilo jina kwa sababu Java ndiyo ilikuwa inabamba wakati huo. Undugu wao ni kama wa nyanya wa ocha na nyanya ya kachumbari.

Java: maneno mengi
James Gosling na wenzake wa Sun Microsystems waliitoa 1995. Mchongoano wake: Java iko na maneno mengi hadi kusema "sasa" lazima ijaze fomu kwanza. Si uongo sana. Kwa miaka mingi, programu ya kuandika salamu moja kwenye skrini ilichukua mistari kama mitano. Kwa Python ni mstari mmoja tu.

Python: nafasi moja inakumaliza
Guido van Rossum aliitoa 1991. Jina halitoki kwa nyoka, ni la Monty Python, kundi la wachekeshaji wa Uingereza. Huku nafasi tupu mwanzoni mwa mstari iko na maana, kwa hivyo ukiacha moja ya ziada, programu inagoma. Pia wanasema inajikokota hadi inapitwa na jam ya Mombasa Road.

PHP: mzee wa kutukanwa
Rasmus Lerdorf aliianza 1994 kwa ajili ya ukurasa wake mwenyewe wa mtandao. Inachekwa kwa sababu majina ya amri zake hayana mpangilio: kuna strpos bila mstari wa chini, halafu kuna str_replace iko nao. Unakariri tu. Lakini Wikipedia na WordPress zinaendeshwa na PHP, na Facebook ilianza nayo 2004. Anayeicheka leo pengine amesoma kitu kwa PHP asubuhi hii.

HTML: je, ni lugha ya kuprogramu?
Ukitaka vita, uliza hilo swali. HTML inapanga ukurasa: hapa kichwa, hapa picha. Haipigi hesabu wala kufanya uamuzi. Ndiyo maana ukijiita programa na unajua HTML peke yake, mbogi itakuchoma.

INTERCAL: utani uliogeuka lugha
Mwaka wa 1972, wanafunzi wawili wa Princeton, Don Woods na James Lyon, waliunda lugha nzima kwa mzaha. Usipoandika PLEASE mara za kutosha, inakataa programu yako kwa kukosa adabu. Ukizidisha, inakataa kwa sababu unajipendekeza.

Sasa sikiza hapa
Wasee wa kitambo wanacheka halafu wanarudi kazini na lugha hiyo hiyo. Anayeumia ni wewe umeanza juzi. Uko miezi mitatu ndani ya PHP, unachekwa, unaruka Python. Wiki mbili baadaye unasikia iko polepole, unaruka tena. Mwaka umeisha, bando zimeisha, na hujamaliza hata programu moja ya kuonyesha mtu wa kukupea kazi.

Bjarne Stroustrup, aliyeunda C++, alishasema kitu kama hicho: lugha isiyolalamikiwa ni ile hakuna mtu anaitumia. Kwa hivyo ukiskia mchongoano, usihame. Uliza kama hiyo shida inagusa kazi unayotaka kufanya, halafu ijaribu mwenyewe. Fungua Chrome kwa kompyuta, bonyeza F12, nenda kwa Console, andika "5" + 1. Ukishika mbona imetoa 51, hapo umesoma kitu, na kesho utacheka na wengine ukijua unachocheka.