Je, mabomba ya chini ya ardhi yataweza kututoa kiu?



Juzi kamati ya msikiti wa mtaani kwetu iliniita baada ya swala ya Isha. Kijana mmoja alikuwa amewaonyesha video ya mtambo unaovuna maji hewani: hewa husukumwa ndani ya mabomba yaliyofukiwa ardhini, hupoa huko chini, kisha maji hudondoka na kujikusanya kwenye tangi. Mweka hazina akaniambia, "Ustadh, hapa Mombasa hewa ni maji matupu. Mtu akivaa kanzu, haifiki msikitini ila ishalowa. Pesa za sadaka tuzitie hapa, tuachane na mitungi ya mikokoteni."

Kwa kuwa nilisomea diploma ya ufundi wa friji na viyoyozi, walitaka rai yangu. Niliomba muda wa wiki moja. Jibu nililowapa naliandika hapa, maana video za namna hii zinazunguka kwenye simu nyingi, na si msikiti wetu pekee wenye shida ya maji.

Maji hewani yapo, lakini si mengi

Mweka hazina hakukosea. Hewa yetu ikiwa na joto la nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75, kila mita moja ya ujazo hubeba takriban gramu 23 za maji. Hebu chukua chumba cha mita 3 kwa 4 chenye urefu wa mita 3 hadi dari. Hewa yote iliyomo ina maji yasiyofika lita moja. Kujaza mtungi mmoja wa lita 20 utahitaji hewa ya vyumba kama hivyo 25, tena uikamue hadi tone la mwisho, jambo ambalo hakuna mtambo unaoliweza.

Kiwango cha umande

Hewa haitoi maji kwa kupoa tu. Lazima ipoe hadi ifike kiwango fulani cha joto, ambacho hapa nitakiita kiwango cha umande. Ikibaki juu ya kiwango hicho, hata kwa nusu nyuzi, haidondoshi kitu. Kwa hewa niliyoitaja, kiwango hicho ni takriban nyuzi 25. Siku nyingi za mwambao wetu huwa kati ya 22 na 25.

Sasa swali ni moja: ardhi yetu ina baridi kiasi gani? Ukichimba mita chache, joto la mchana na la usiku halifiki tena, na udongo hukaa karibu na wastani wa joto la mwaka mzima la mahali hapo. Sisi hatuna msimu wa baridi. Kaskazi ni fukuto, na hata kusi ikivuma hatuvai makoti. Niliteremsha ndoo kwenye kisima chetu, nikatia kipimajoto. Kilisoma nyuzi 27 na kidogo juu.

Hapo ndipo hesabu inapokataa. Ardhi ina joto kuliko kiwango cha umande. Hewa itaingia kwenye bomba, ipoe kidogo, itoke na maji yake yote kama ilivyoingia.

Jipimie mwenyewe

Msomaji usiniamini kwa maneno. Teka maji ya kisima, yatie kwenye chupa ya kioo, uifute nje ikauke, uiweke kivulini. Kando yake weka chupa iliyotoka kwenye friji. Ya friji italowa mara moja. Ya kisima itabaki kavu, na bomba lililofukiwa kwenye ardhi ile ile halitafanya zaidi yake. Usipime kwa mtungi wa udongo, kwani jasho lake ni maji ya ndani yanayopenya nje. Mtungi huo unapoteza maji, hauvuni.

Kiyoyozi hudondosha maji kwa sababu koili zake hupozwa mbali chini ya kiwango cha umande, na kazi hiyo hulipiwa umeme. Kama msikiti tayari una kiyoyozi, yakingeni yale maji mwagilie miti na kuoshea sakafu. Msiyanywe, kwani hupita kwenye vyuma na vumbi.

Wenzetu walijaribu

Wazo hili lina umri. Mwaka 1912 Friedrich Zibold alijenga rundo kubwa la mawe ya ufukweni karibu na Feodosia, huko Crimea, akiamini kuwa Wayunani wa kale walipata maji kwa marundo kama hayo. Lilitoa maji kwa muda, msingi ukavuja, na mwaka 1915 kazi ikaachwa. Baadaye ilibainika kuwa yale marundo ya kale yalikuwa makaburi. Mwaka 1930 Achille Knapen alianza mnara wa mita 14 huko Trans-en-Provence, Ufaransa. Kuta zake nene zilihifadhi joto, na maji yakawa lita chache tu.

Mwaka 2011 Edward Linacre wa Australia alipata tuzo ya James Dyson kwa mtambo wake uitwao Airdrop, unaopitisha hewa kwenye mabomba ya chini ya ardhi. Ni kazi ya heshima, lakini ilibuniwa kwa mashamba ya kwao, ambako ardhi hupoa kuliko yetu. Hata ndugu zetu walioko Ghuba, kiangazi kikipamba moto unyevu wa baharini unaweza kupandisha kiwango cha umande hadi nyuzi 30, juu ya joto la ardhi. Huko bomba litalowa. Lakini kila lita moja ya mvuke ikigeuka maji huacha joto la kutosha kuchemsha karibu lita 8 za maji ya kisima. Joto hilo huingia kwenye udongo, nao haulitoi haraka. Baada ya muda bomba lenyewe huwa moto.

Usiache mbachao kwa msala upitao

Paa la msikiti wetu ni la mabati, mita 50 za mraba ukilihesabu kwa uchache. Mvua ya Mombasa ni takriban milimita 1,000 kwa mwaka. Hata tukipoteza sehemu moja katika tano, tunabaki na lita 40,000, yaani mitungi 2,000. Wazee wa visiwa vya Lamu waliyajua haya, ndiyo maana walijenga jabia za kukingia mvua. Kinachotakikana ni gata nzima, bomba la kumwaga maji ya mvua ya kwanza yenye uchafu wa paa, na jabia iliyofunikwa mbu wasizaliane.

Kamati imekubali kuanza na gata kabla ya masika, inshallah. Yule kijana hakukasirika. Alikwenda na chupa zake mbili akapima, akarudi kuuliza bei ya saruji.

Nawe ukijiwa na mwenye kuuza mtambo wa mabomba, kabla hujatoa shilingi muulize mambo mawili: ardhi ya hapa ina nyuzi ngapi, na kiwango cha umande ni ngapi? Akishindwa kujibu, mwonyeshe chupa.