Hirimu na Upole: Malezi ya Watoto Wadogo katika Nyanda za Juu Kusini

Mtoto aliyeanza kusimama dede, ambaye hajui bado kwamba mwenziwe huumia kama aumiavyo yeye, hunyakua, husukuma na kung'ata. Wala si kwa uovu, bali kwa kuwa mkono wake umepata nguvu kabla akili yake haijapata mpaka. Wazee wa Nyanda za Juu Kusini, tangu mabonde ya Rungwe yanayotelemkia Ziwa Nyasa hata nchi ya Uhehe inayoizunguka Iringa, walilijua jambo hili, lakini hawakulifanya kuwa somo la mama na mwanawe peke yao: waliliweka mikononi mwa watoto wengine, waliomtangulia kidogo tu kwa umri, na juu ya mikono hiyo wakaweka ada na masharti ambayo mengi yake yamevunjika katika miaka mia iliyopita pasipo mtu kukusudia kuyavunja.

Habari za Unyakyusa ndizo zilizotufikia kwa ukamilifu zaidi. Msafiri Joseph Thomson, aliyepita huko mwaka 1879, alistaajabia usafi na mpangilio wa makazi yaliyotanda kati ya migomba. Wamisionari wa Berlin na wa Moravian wakafuata mwaka 1891. Kisha, kati ya mwaka 1934 na 1938, Godfrey Wilson na mkewe Monica walikaa na Wanyakyusa wakajifunza lugha yao, hata mwaka 1951 Monica akachapisha kitabu chake Good Company, kinachoeleza kwa tafsili jinsi vijiji vile vilivyojengwa kwa hirimu wala si kwa nasaba. Wavulana wa miaka kumi au kumi na mmoja waliacha kulala nyumbani kwa baba zao, wakajijengea vibanda pembezoni mwa kijiji, na wale wale waliojenga pamoja utotoni wakadumu kuwa majirani, pamoja na wake zao na watoto wao, mpaka uzeeni.

Sasa, watu wasiokuwa ndugu wa damu, na wasiokuwa na baba mmoja wa kuwaamua, hawawezi kukaa pamoja umri mzima pasipo kufundishwa mapema muamala mwema. Kwa hiyo wavulana wale, ingawa walilala kwao wenyewe, walikwenda kula kwa mama zao kwa zamu, kundi zima kwa mama huyu leo na kwa mama yule kesho, na kijana aliyependelea kula peke yake alionekana kuwa na kasoro ya hulka. Adabu hiyo waliiita ukwangala, na ndani yake mlikuwamo mazungumzo, ukarimu wa chakula na ulatifu wa maneno. Nayo ilikuwa na mlinzi wake: iliaminiwa kwamba mtu mkorofi, aliyewaudhi majirani kwa uchoyo au kwa kuwadharau wazazi, huweza kupatwa na baridi na homa kwa pumzi ya watu waliomnung'unikia. Tusiikubali imani hiyo, lakini tusikose kuona uzito waliompa jirani.

Chuo cha kwanza cha ukwangala kilikuwa machungani. Tangu umri wa miaka sita hivi mvulana alikabidhiwa ng'ombe wa baba yake, akatoka nao pamoja na watoto wa jirani, chini ya kiongozi aliyeupata ukubwa wake miongoni mwao wenyewe kwa nguvu na ushujaa. Nisidhaniwe kusema kwamba huko kulikuwa na upole mtupu. Walipigana, na mkubwa alimtuma mdogo kwa amri. Hata hivyo ukali wao ulikuwa na kikomo, kwa sababu waliopigana leo ndio waliotazamiwa kujenga kijiji kimoja kesho.

Na kabla ya machunga kulikuwa na mgongo wa dada. Hapa ndipo naona kiini cha jambo lote, wala hapana tofauti kubwa kati ya Mnyakyusa, aliyekaa na majirani karibu karibu, na Mhehe, ambaye tembe lake lilisimama mbali na la mwenziwe, kiasi kwamba wachezaji wa kwanza wa mtoto wake walikuwa ndugu zake na binamu zake. Msichana wa miaka saba au minane alimchukua mdogo wake kwa mbeleko mpaka panapochezwa, akamshusha miongoni mwa wenziwe, akaushika mkono ulioinuliwa kupiga, akakitwaa kijiti kilichonyakuliwa na kumrudishia mwenyewe, akamwonyesha namna ya kumpapasa kichanga badala ya kumfinya; na hayo aliyarudia mchana kutwa, mama akiwa shambani. Mtu mzima akikemea, mtoto huogopa ukubwa wake. Dada wa miaka minane akikemea, mtoto huona mbele yake mfano anaoweza kuufikia.

Mambo yakageuka. Machimbo ya dhahabu ya Lupa na migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini yaliwachukua vijana. Kahawa ikaipa ardhi thamani mpya, na ardhi ilipoadimika, vijana hawakupata tena nafasi ya kujenga vijiji vyao. Lakini badiliko lililomgusa mtoto mdogo kuliko yote lilikuwa jema kwa nafsi yake: baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974 na Elimu ya Msingi kwa Wote ya mwaka 1977, dada yule aliingia darasani, na hiyo ilikuwa haki yake, maana ulezi ulikuwa umewanyima wasichana wengi kusoma.

Nani basi angeushika mkono unaopiga? Katika Iringa jibu lilikuja kwa njia ya uji. Mwaka 1983, serikali ikisaidiwa na UNICEF, Shirika la Afya Duniani na fedha za Italia, mpango wa lishe ulianzishwa katika vijiji 168, na kwa kuwa ilitambuliwa kwamba mtoto mdogo hudhoofika akila mara mbili tu kwa siku wakati mama yake analima, viliwekwa vituo vya kuwalisha na kuwalea watoto kijijini. Shabaha ilikuwa afya ya mwili, lakini watoto wasiokuwa wa nyumba moja walikusanywa mahali pamoja kila siku, wakagawana uji na uwanja, jambo ambalo katika nchi ya matembe yaliyotawanyika lilikuwa geni.

Vituo vya leo, pamoja na madarasa ya awali yaliyowekwa katika shule za msingi kwa sera ya elimu ya mwaka 1995, vimeurithi mkusanyiko huo, na navisifu kwa dhati. Ila vimewapanga watoto wa umri mmoja peke yao, wote wakinyakua kwa wakati mmoja, mbele ya mlezi mmoja mwenye mikono miwili. Mlezi huyo, awe Tukuyu au Mufindi, angepata msaada mkubwa lau angeruhusiwa kuwaita, kwa saa moja baada ya masomo, wanafunzi wa darasa la tatu na la nne, wavulana na wasichana kwa insafu, waketi chini na kucheza na wadogo zao.