Redio iliyosubiri jibu

Wadau, leo tuweke kodi kando tuangalie historia kidogo.

Programu za siku hizi za kusikiliza Kiingereza hujirekebisha: ukikosa, sentensi ijayo inakuja rahisi, ukipata, inakuwa ngumu. Wengi hudhani kujibizana na mashine kumeletwa na simu. La hasha!

Katika miaka ya 1980 Taasisi ya Elimu ya Kenya (KIE, sasa KICD), kwa fedha za USAID ya Marekani, ilitayarisha masomo ya Kiingereza ya redio kwa darasa la kwanza hadi la tatu. Kila kipindi nusu saa. Sauti iliuliza, ikanyamaza kidogo, watoto wakajibu kwa pamoja, kisha redio ikatoa jibu sahihi. Mbinu hiyo ilikuwa imejaribiwa Nikaragua katika hesabu miaka ya 1970.

Tatizo ni kwamba redio haikusikia jibu. Umepata, umekosa, yenyewe inasonga. Mtoto wa hapa Kiwanjani anaweza kuongea Kiborana, Kisomali au Kiturkana nyumbani, Kiswahili sokoni. Kiingereza kinakuja cha tatu. Akiachwa swali la pili, la kumi litamfaa nini?

Lakini redio moja ya betri ilitosha darasa zima. Programu inataka simu, chaji na bando. Hesabu ya kupandisha na kushusha ugumu ni mistari michache tu, inaweza kukaa ndani ya simu bila intaneti. Kilicho kizito ni faili za sauti. Wenzangu tunaoandika programu, tuanze kwa kuzipunguza hizo.