Shabaha Isiolo: Kutoka Kambini Kwenda Michezoni

Shabaha ilianza kama kazi ya askari kabla ya kuwa mchezo, na Isiolo inaijua kazi hiyo. Hapa ndipo kilipo Chuo cha Askari wa Miguu cha Jeshi la Kenya, na katika kukiadhimisha inafaa tukumbuke asili ya nidhamu inayofundishwa humo.

Asili yake ni hofu. Mwaka 1859 Waingereza, wakihofia kuvamiwa na Wafaransa, waliunda chama cha kuwanoa raia waliojitolea kulinda nchi yao. Julai 1860, kule Wimbledon, Malkia Victoria alifungua shindano la kwanza la chama hicho kwa kuvuta kamba iliyofyatua bunduki iliyofungwa imara kwenye mhimili, yadi 400 kutoka kwenye bango. Mwaka 1890 mashindano yakahamia Bisley. Desturi hiyo ya kulenga kwa alama ilifika kwetu pamoja na Keya (King's African Rifles), jeshi la kikoloni lililoundwa 1902, ambalo vikosi vyake vya Kenya vilirithiwa na taifa huru Desemba 1963.

Uwanjani, nusu ya kazi haionekani. Nyuma ya tuta, wenzako wamo handakini: bango likipigwa hulishusha, hubandika karatasi juu ya tundu, hulipandisha tena. Mpigaji naye hushusha pumzi, huituliza, ndipo kidole kibane polepole. Jua la Isiolo likishapanda, mazigazi hulichezesha bango machoni, na asiyesoma upepo hupoteza alama hata akiwa na mkono wa chuma.

Kenya iliposhiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza, Melbourne 1956, ilipeleka wapiga shabaha. Mwafrika Nyandika Maiyoro alikuwapo, lakini kwenye mbio. Bunduki za mashindano zilishikwa na wazungu. Askari wa Keya, waliobeba bunduki miaka yote, hawakupewa nafasi hiyo. Naliona hilo kuwa deni ambalo halijalipwa, ingawa leo polisi wa Afrika Mashariki hushindana kwa shabaha katika michezo yao, iliyofanyika Nairobi mwaka 2019.

Isiolo ina sababu zake za kuliogopa neno bunduki. Juni 1963 Daudi Dabasso Wabera, mkuu wa wilaya, aliuawa kwa risasi, na wizi wa mifugo umeendelea kuzika vijana wetu. Ndiyo maana mchezo huu unahitajika hapa zaidi ya kwingine: humtaka mtu ajitawale, na adui wake ni papara yake mwenyewe.

Bunduki ya hewa, iliyoingia Olimpiki mwaka 1984, hupigwa kutoka mita 10 tu, na alama ya kumi ni kitone cha nusu milimita. Ukumbi wa shule unatosha. Serikali ya kaunti na wakuu wa chuo wakae pamoja, wafuate sheria ya bunduki, wateue walimu, na wawafungulie wavulana na wasichana wa Isiolo mlango huo.