Msaada wa Serikali Kaskazini mwa Uskoti: Uliozaa na Uliopotea

Watu wengi kwetu hufikiri kwamba Ulaya ni miji na viwanda tu, na kwamba umaskini wa vijiji ni jambo la Afrika peke yake. Sivyo. Nchi nyingi za Ulaya zina pande zao za mbali, ambako barabara zilichelewa kufika, vijana wakahama, na wazee wakabaki wakiulizana ni nani atakayewazika. Leo tutawasimulia habari za upande mmoja wa namna hiyo: kaskazini mwa Uskoti, katika milima iitwayo Highlands na visiwa vilivyo karibu nayo. Huko serikali ilitoa msaada kwa muda wa zaidi ya miaka mia. Msaada mwingine ulizaa matunda, mwingine ulipotea. Yafaa tujue sababu.

Asili ya umaskini wao

Zamani watu wa milima ile walikaa kwa koo, wakilima shayiri na kufuga ng'ombe. Lakini ardhi yenyewe iliandikwa kwa jina la mabwana wakubwa. Tangu mwisho wa karne ya 18 mabwana hao waliona kwamba kondoo huleta faida kuliko watu. Basi, wakawafukuza wapangaji wao. Vijiji vizima vilihamishiwa pwani, au watu walipakiwa merikebuni kwenda Kanada. Waliobaki walipewa vishamba vyembamba kandokando ya bahari, penye mawe mengi. Mwaka 1846 ugonjwa ukaozesha viazi, chakula chao kikubwa, na njaa ikaingia.

Tazameni vizuri: watu hao hawakuwa wavivu. Ila hawakuthubutu kujenga nyumba nzuri wala kuchimba mifereji shambani, kwa maana aliyetengeneza shamba lake aliweza kupandishiwa kodi, tena kufukuzwa bila kulipwa kitu. Ni nani atakayepanda mti, akijua kwamba kesho kivuli kitakuwa cha mwingine?

Kwanza haki

Mwaka 1882, mahali paitwapo Braes katika kisiwa cha Skye, wakulima walipigana na polisi kwa ajili ya malisho yao. Mwaka uliofuata serikali ikatuma tume kusikiliza mashaka yao. Tume ikaenda kisiwa kwa kisiwa, na wakulima wenyewe wakasema mbele yake. Mwaka 1886 Bunge likatoa sheria: mkulima mdogo anayelipa kodi asifukuzwe; kodi iamuliwe na tume, bwana asijipangie peke yake; shamba lirithiwe na watu wa nyumba yake; na mwenye kuondoka alipwe kwa kazi aliyoifanya shambani. Tume ilipunguza kodi na kufuta madeni mengi.

Sheria hiyo haikuwaongezea watu ardhi, wala haikuleta fedha. Lakini tangu siku ile watu walianza kutengeneza nyumba zao na mashamba yao kwa mikono yao, kwa kuwa walijua watoto wao watayakaa. Kisha, toka mwaka 1897 mpaka 1912, serikali iliweka baraza la kusaidia sehemu zilizosongamana watu. Likajenga barabara na magati ya mashua, likanunua na mashamba makubwa kuwagawia wakulima wadogo.

Tajiri aliyejulikana Congo

Hapa twataja mtu ambaye jina lake si geni katika nchi yetu. William Lever, Mwingereza mwenye viwanda vya sabuni, alipatana na serikali ya Ubelgiji mwaka 1911 apewe nchi ya michikichi katika Congo, mpaka hekta 750,000. Mji wa Leverville, ambao leo huitwa Lusanga, ulichukua jina lake. Mwaka 1918 bwana huyohuyo alinunua kisiwa cha Lewis, kaskazini mwa Uskoti. Alikusudia kuufanya mji wa Stornoway uwe bandari kubwa ya samaki, wenye viwanda na kazi za mshahara kwa wote.

Lakini wakati uleule askari walikuwa wanarudi kutoka vitani, wakidai mashamba waliyoahidiwa na serikali. Lever aliona kwamba mshahara unawatosha. Wao walitaka udongo wao. Wengine waliingia kwa nguvu katika mashamba makubwa, wakapima viwanja na kuanza kulima. Mwaka 1923 Lever akaacha kazi zake za Lewis, akatoa ardhi bure kwa wenyeji. Wengi walikataa, wakiogopa mzigo wa kodi, maana sheria ya 1886 ilikwisha kuwalinda kama wapangaji. Wilaya ya Stornoway ilikubali. Ardhi yake ikawekwa mikononi mwa wadhamini wanaochaguliwa na wakaaji, na desturi hiyo ingalipo hata leo.

Maji ya mlimani

Mwaka 1943, vita vya pili vikiwa havijaisha, Tom Johnston, waziri wa mambo ya Uskoti, aliliongoza Bunge kutoa sheria ya kufanya umeme kwa nguvu za maji ya milimani. Sheria ile ilikuwa na akili kubwa. Umeme uliuzwa kwa miji mikubwa ya kusini, na faida yake ikasaidia kupeleka nyaya katika mabonde na visiwa ambako wateja ni wachache na njia ni ndefu. Kampuni inayotafuta faida tu isingalikwenda huko. Mtambo mkubwa wa kwanza, ule wa Loch Sloy, ulifunguliwa mwaka 1950, na katika miaka iliyofuata nyumba nyingi za wakulima zilipata taa.

Tunasema hivyo ili mtu asifikiri kwamba wenyeji huweza kila jambo peke yao. Bwawa la umeme, barabara na meli ya kuvusha watu ni mambo yanayopita nguvu za kijiji. Hapo ni lazima serikali ishike kazi.

Viwanda vikubwa na kooperativi ndogo

Mwaka 1965 serikali iliweka Baraza la Maendeleo ya Highlands na Visiwa, makao yake mjini Inverness. Likapewa uwezo wa kutoa mikopo na misaada kwa wavuvi, wakulima, wenye hoteli na mafundi. Wakati ule watu wengi walikuwa na tumaini kubwa katika viwanda vikubwa. Huko Corpach, kiwanda cha kuponda miti kwa kufanya karatasi kilianza mwaka 1966 kwa mkopo wa serikali. Kazi ya kuponda miti ikakoma mwaka 1980. Huko Invergordon, kiwanda cha alumini kilianza mwaka 1971. Mwisho wa mwaka 1981 kikafungwa, na watu karibu 900 wakakosa kazi kwa mara moja. Hesabu za umeme na za soko zilifanywa mbali, na siku zilipobadilika, aliyefanya hesabu hakuwa ndiye aliyelala njaa.

Mwaka 1977 Baraza lilijaribu njia nyingine. Lilitazama magharibi mwa Ireland, ambako vijiji vilikuwa vimeanzisha kooperativi zao. Huko Glencolumbkille, kwa mfano, Padri James McDyer, aliyefika parokiani mwaka 1951, aliwakusanya watu wake kupigania maji, umeme na kazi ili vijana wasihame. Basi Baraza likawaambia watu wa visiwa vya Uskoti: wekeni kwanza fedha zenu, nasi tutaongeza kiasi kilekile, pamoja na kusaidia mshahara wa msimamizi. Kooperativi nyingine zilikufa kwa kukosa soko au hesabu nzuri, tusifiche neno hilo. Lakini ile ya Papa Westray, kisiwa kidogo sana, imeendesha duka lake miaka na miaka.

Ardhi yarudi

Mwishoni watu walirudi kwenye mzizi wa jambo. Mwaka 1993 wakulima wadogo wa Assynt walichanga na kuomba michango, wakanunua ardhi waliyoilima, hekta zipatazo 8,500. Mwaka 1997 watu wa kisiwa cha Eigg walifanya vivyo hivyo. Mwaka 2003 sheria mpya ya Uskoti iliwapa wenyeji haki ya kutangulizwa kununua ardhi inapouzwa, na fedha za umma zikawekwa kuwasaidia. Katika kisiwa cha South Uist na jirani yake Eriskay, ambako wakaaji wengi ni Wakatoliki, chama cha wenyeji kilinunua hekta zaidi ya 37,000 mwaka 2006. Mwaka 2013 wakasimamisha mitambo 3 ya upepo, na mapato yake ni ya wote.

Watu wa Eigg nao walijenga umeme wao kwa maji, upepo na jua, kwa misaada ya Umoja wa Ulaya na ya vyama vya umma. Ulianza mwaka 2008. Wamepatana wenyewe kwamba nyumba isitumie zaidi ya kilowati 5 kwa mara moja, ili jirani asikose. Sheria hiyo hawakuletewa na mtu kutoka mji mkuu.

Basi, wasomaji wapenzi, msaada wa serikali ni kama mvua. Shamba lisilolimwa, mvua huliotesha magugu. Na shamba la mwingine, mvua hulineemesha kwa ajili ya mwenyewe. Tukisikia kesho kwamba fedha za maendeleo zinafika kwetu, tusipige makofi kabla ya kuuliza maneno matatu. Ardhi ya kazi hiyo ni ya nani, na karatasi zake ziko wapi? Sisi wenyewe tumeweka nini, hata kama ni kidogo? Na siku mkubwa wa kazi atakapofunga mlango na kwenda zake, kitabaki nini mikononi mwetu? Asiyeweza kujibu maneno hayo, na atafute kwanza majibu, kisha apokee fedha.